Seng'enge Isiyosikilizwa na Mtu

Tik.

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama ya panya anayejaribu jino lake kwenye kokwa kavu, lakini Sunniva Haugland aliisikia kutoka kitandani na usingizi ukamruka. Jogoo wa kwanza alikuwa bado hajawika. Na panya hakuwa panya, alijua. Nyumba nzima ilikuwa na kitu kimoja tu cha kulia namna ile: ndoano ya simu pale ukutani jikoni, inapoinuka baada ya kuondolewa kisikilizio.

Alishuka bila viatu, akapapasa ukuta hadi jikoni. Kwenye wekundu wa makaa uliopenya mlango wa jiko la chuma alimwona binti yake, Lisbet, amesimama juu ya kigoda cha kukamulia maziwa, gauni la kulalia limemfika vidoleni, kisikilizio kimemganda sikioni. Mtoto hakushtuka. Alimgeukia mama yake, akaweka kidole mdomoni: kimya, nasikiliza.

"Wasikiliza nini, mama?" Sunniva akanong'ona.

Lisbet hakujibu. Lisbet hakuwa amemjibu mtu yeyote tangu azaliwe. Alikuwa anaingia mwaka wa nne, meno yametimia, masikio mazuri kuliko ya mbwa. Alicheka, alilia, ukimtuma kuni alileta kuni. Ila neno, hata moja, hata lile jepesi ambalo watoto wote duniani huanza nalo, halijawahi kutoka katika kinywa kile.

Sunniva aliinama akaegemeza sikio lake karibu na la mwanawe. Hapakuwa na mtu anayezungumza. Ulikuwepo upepo tu, ukivuma juu ya maili na maili za seng'enge, na mahali fulani huko mbali ng'ombe akijikuna kwenye nguzo. Kru, kru, kru. Mtoto akatabasamu, kana kwamba amepashwa habari njema.

"Haya, jifunze basi," Sunniva alisema. "Jifunze upesi, mwanangu. Jumamosi si mbali."

Maana Jumamosi ndiyo siku ambayo mama mkwe wake, Bibi Gunhild, angepanda treni kurudi kwao Minnesota, na amesema hatapanda peke yake. Ipo shule ya bweni kule mashariki inayochukua watoto bubu. Bibi Gunhild ameshamwombea Lisbet nafasi, ameshamshonea na koti.

"Mtoto bubu hafichwi chini ya kitanda kama viazi," alisema mezani, tena na tena, kila mlo, hata kabla ya sala.

"Si bubu, Mama. Hajaanza tu."

"Hajaanza! Halvor alianza kusema akiwa na miezi tisa."

"Na hadi leo hajasema kitu," Sunniva alijibu, akatoka nje kukung'uta mkeka ambao haukuwa na vumbi.

Halvor, mumewe, alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: alikubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Asubuhi alikuwa upande wa mama yake, jioni upande wa mkewe, na katikati ya mchana alikwenda kukaa na nguruwe, ambao hawakuwa na msimamo. Ndiye aliyeleta ule mpango wa daktari. Daktari Bascombe amsikilize mtoto. Akisema mtoto anaweza kutamka, hata neno moja tu, abaki. Akisema hawezi, aende. Wanawake wote wawili walikubali, kila mmoja akiamini daktari atakuwa wake.

Shida ilikuwa mguu wa daktari.

Mwaka ule karne ilikuwa inaishia ukingoni, na bonde lote la Stubbs, huku kwenye nyika za Nebraska, lilikuwa limeshikwa na homa ya kuwa la kwanza. Huko mijini watu walikuwa wanawasha taa bila mafuta, na kwenye maonyesho ya Chicago walikuwa wamezungushwa hewani juu ya gurudumu kubwa kuliko kanisa; Stubbs nao hawakutaka kuachwa. Dada wawili wa Tuttle, Arvilla na Orpha, ambao hawakuolewa kwa sababu hawakuweza kukubaliana ni yupi aanze, walikuwa wa kwanza kununua sanduku la kuimba, na wa kwanza kuliuza, kwa kuwa lilikataa kunyamaza wao wakitaka kusema. Daktari Bascombe alikuwa wa kwanza kupanda baiskeli. Kwa hiyo akawa wa kwanza kushuka kwenye baiskeli kwa kutanguliza kichwa, akavunja mguu wa kushoto katika sehemu ambazo yeye mwenyewe hakujua kama zinavunjika.

Na Bwana Ploog, Mjerumani mnene aliyepumua kama mvukuto wa mhunzi, ndiye aliyeleta jambo kubwa kuliko yote. Alisoma mahali kwamba simu haihitaji nguzo za kampuni. Inahitaji waya tu. Na bonde la Stubbs lilikuwa na nini zaidi ya waya? Kila shamba lilikuwa limezungushiwa seng'enge, na seng'enge ya huyu ilishikana na ya yule hadi mjini. Basi wakaagiza visanduku, wakafunga shingo za chupa kwenye nguzo ili umeme usipotelee kwenye mbao, na palipokuwa na lango wakaupandisha waya juu ya mti mrefu ili mikokoteni ya nyasi ipite chini yake. Wiki hiyo hiyo, mke wa mkulima aliweza kusimama jikoni kwake, akazungusha mkono wa simu, akaongea na dada yake aliye maili nane, kwa kupitia uzio unaozuia ng'ombe.

Mvua ikinyesha, simu ilikufa. Fahali wa Ploog akiegemea nguzo, mazungumzo yalikatika katikati ya neno, na watu walijifunza kusubiri hadi ashibe kujikuna. Ila jambo kubwa lilikuwa hili: waya ulikuwa mmoja. Kengele ikilia kwa Haugland, mlio mrefu mmoja na mifupi miwili, ililia pia kwa Ploog, kwa Tuttle, kwa Crandall, na kwa kila nyumba hadi mjini. Na yeyote akiinua kisikilizio, husikia yote.

Lakini hakuna aliyesikiliza. Hilo liwekwe wazi. Kusikiliza simu ya mwenzio ni utovu wa adabu, na watu wa Stubbs walikuwa na adabu zao. Hawakusikiliza kabisa. Waliota tu.

"Nimeota dada yako Berit amepata uvimbe wa jino," Bi Philena Crandall angekuambia nje ya kanisa, uso umejaa huruma. Na wewe, uliyezungumza na Berit jana yake jioni, ungejibu, "Loo, ndoto zako hazikosei, Bi Crandall," kwa sababu wewe nawe uliota juzi kwamba mume wa Bi Crandall ameficha chupa ghalani. Hivyo bonde zima liliishi kwa amani, likiota mchana kweupe.

Wakati wa kuota, kila mtu alikuwa na alama yake, lakini adabu ilikataza kuitaja. Bwana Ploog alikuwa na pumzi zake. Jikoni kwa Bi Crandall kulikuwa na saa ya ukutani yenye ndege wa mbao aliyetoka kulia kila saa. Dada wa Tuttle walikuwa na ndege kanari aliyeimba karibu na simu, tena walikuwa wakinyang'anyana kisikilizio kimoja, kwa hiyo ulisikia "ng'oka!" na "zamu yangu!" zikipita chinichini kama maji chini ya daraja.

Mguu ulipomlaza, Daktari Bascombe alitibu kwa seng'enge. Simu yake ilifungwa kando ya kitanda. Alimwambia mgonjwa akohoe kwenye pembe ya kusemea, aweke kifua, aweke tumbo. Siku alipomwambia Bi Crandall atoe ulimi, Bi Crandall aliutoa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisikiliza, bonde zima lilisimama, kila mtu jikoni kwake, limetoa ulimi.

"Naona ni mweupe kidogo," alisema daktari, naye alikuwa mjini, ndani ya blanketi.

"Ndiyo hivyo hivyo, daktari," alijibu Bi Crandall kwa mshangao. Alipona siku ya pili.

Kwa hiyo Sunniva alipomwambia dada yake Berit kwa simu, kwa sauti ya chini, akiwa peke yake jikoni, kwamba Alhamisi saa tisa alasiri daktari atampima Lisbet kwa njia hiyo hiyo, na kwamba mtoto asiposema neno ataondoka Jumamosi, na kwamba akiondoka yeye Sunniva hajui atamfungia nani vifungo asubuhi, alisikia pumzi za mvukuto zikisimama ghafla. Alisikia ndege wa mbao akitoka kulia. Alisikia kanari. Kisha akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia kwenye waya ule: watu wengi wakinyamaza kwa pamoja.

Jumatano wageni walianza kuja.

Bi Crandall alitangulia, tope limempanda hadi magotini, mkononi kengele ya ng'ombe. "Mwenzangu, nimeota," alianza kabla hajakaa. "Nimeota mtoto akinyweshwa maji ndani ya kengele, ulimi unafunguka. Bibi yangu alikuwa akifanya hivyo."

"Bibi yako alikuwa na mtoto bubu?"

"Hapana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa bubu, si waona?"

Lisbet alikunywa maji kwenye kengele, akaomba kwa mkono aongezwe.

Dada wa Tuttle walikuja na kanari ndani ya kitundu, wakakiweka karibu na mtoto ili maneno yamwambukize. "Orpha aliota," alisema Arvilla.

"Niliota mimi kwanza, yeye akaniotea ndoto yangu," alisema Orpha.

"Wee Orpha, wewe hata usingizi huna!"

Bwana Ploog aliingia wa mwisho, akavua kofia, akasimama anapumua. Hakuwa na dawa. Alimtazama Lisbet muda mrefu, naye Lisbet akamtazama, kisha mtoto akamwiga kupumua, huu, haa, huu, haa, akicheka kwa macho. Ploog naye akacheka hadi akashika meza.

"Huyu anasikia vizuri sana, Bi Haugland," alisema. "Hana ubaya wowote huyu."

"Sauti ni jambo moja, Bwana Ploog, na neno ni lingine," Bibi Gunhild alimjibu kutoka kwenye kiti chake karibu na jiko. Na wageni walipokwisha kuondoka, yeye hakuendelea kushona. Aliiweka sindano mapajani.

"Unadhani nakuchukia," alimwambia Sunniva.

"Sijasema hivyo, Mama."

"Unasema kila ukikung'uta ule mkeka. Sikiliza, binti. Nilikuwa na kaka, Nils. Alizaliwa hivi hivi. Mama yetu naye alisema hajaanza tu. Akawa na miaka saba, hajaanza. Kumi na miwili, hajaanza. Wakamweka kwa mbuzi, maana mbuzi hawakumcheka. Alikufa huko huko, hajui kuandika jina lake." Akaichukua tena sindano. "Huyu atajua kuandika jina lake. Hata kama utanichukia hadi kaburini."

Sunniva alikuwa amejiandaa kwa vita na mtu mbaya, na sasa mtu mbaya hayupo. Alikaanga mikate myembamba ya viazi, akampa mama mkwe ile isiyoungua.

Alhamisi kulipambazuka bila mvua. Hilo lilikuwa jambo jema. Fahali wa Ploog alikuwa amefungwa zizini, na hilo nalo lilikuwa jema, ingawa hakuna aliyemwomba Ploog amfunge. Sunniva alimwosha Lisbet uso mara mbili, akamsuka nywele, akampandisha juu ya kigoda. Halvor alikaa mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama kawaida yake. Bibi Gunhild alivuta kiti akaketi mbele ya mtoto, uso kwa uso, ili asidanganywe.

Kengele ikalia. Mrefu, mfupi, mfupi.

Sunniva alipoinua kisikilizio chake, alivisikia vya wenzake vikiinuliwa: tik. Tik. Tik-tik. Tik. Kama mvua inayoanza juu ya bati.

"Hujambo, Sunniva?" Sauti ya daktari ilitoka mbali sana, nyembamba kama uzi. Kila kisikilizio kinachoinuliwa hunywa kidogo katika sauti, kama ndama wengi kwenye ndoo moja, na siku ile ndama walikuwa wengi mno. "Mguu wangu unakusalimu. Mgonjwa yupo?"

"Yupo, daktari."

"Mwambie atoe ulimi."

Lisbet aliutoa. Sunniva hakuwa na shaka kwamba na wengine wameutoa.

"Anao?"

"Anao, daktari. Mwekundu."

"Vizuri. Ulimi upo, mengine ni mazoezi. Mpe simu. Nitamuuliza maswali mepesi, na wewe usimsaidie, Sunniva, nakujua."

Sunniva alimwekea Lisbet kisikilizio sikioni, naye akabandika sikio lake kwa nje ili asikie.

"Lisbet, mwanangu. Waitwa nani?"

Mtoto aliitazama pembe ya kusemea. Alifungua mdomo. Aliufunga. Bibi Gunhild alisogea mbele. Upepo ulivuma kwenye waya, huko mbali, na Sunniva alianza kuomba, si kwa maneno, kwa kuminya tu ukingo wa kigoda.

"Lisbet," ikasema sauti ndogo, nyembamba, tamu.

Sunniva aliruka. Alimtazama mwanawe. Mdomo wa mwanawe ulikuwa umefungwa, macho yametoka.

"Ala! Sauti nzuri kabisa!" daktari akasema. Na nyuma ya ile sauti ndogo, ndege wa mbao akatoka akalia saa tisa.

Bi Crandall. Bi Philena Crandall, mama wa watoto sita, mwenye mikono kama ya mwashi, amesimama jikoni kwake akibana pua.

"Na una umri gani, Lisbet?"

"Minne," ikasema sauti nyingine, ya kitoto zaidi kuliko mtoto yeyote.

"Mitatu!" ikasema ya pili, ya kitoto vilevile. "Minne hajafikisha, wee Orpha!"

"Usinitaje jina, mjinga wee! Mi' ndo Lisbet!"

Kanari akaimba kwa nguvu.

"Sijakupata vizuri," alisema daktari. "Mitatu au minne?"

"Napenda maziwa," ikasema sauti ya tatu. Ilianza juu kama filimbi, ikakosa pumzi, ikashukia chini kisimani. "Huu... haa... mimi ni msichana mdogo sana."

"Mtoto ana mafua," alisema daktari.

Sunniva alikuwa amejifunika mdomo kwa aproni. Hakujua kama anacheka au analia. Machozi yalikuwa yanatoka, hilo tu alikuwa na hakika nalo. Wote. Wote walikuwa wamewaza jambo moja, kila mtu peke yake, kila mtu kwa siri. Na kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikiliza, hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, "Mimi nitajibu, wewe nyamaza."

"Basi, Sunniva," sauti ya daktari ikajitahidi kupita, "mimi ninavyosikia, mtoto wako hana shida ya kusema. Shida yake ni kunyamaza. Tena anabishana na nafsi yake, na hiyo ni dalili ya akili. Hakuna haja ya shule yoyote."

Ndilo hilo. Neno lenyewe alilolingojea, limetoka kwa daktari mwenyewe. Angeweka kisikilizio pale pale kwenye ndoano na Jumamosi ingekuwa siku ya kuoka mikate. Mkono wake ulishakwenda.

"Amesemaje?" Bibi Gunhild aliuliza. Hakuwa amesikia kitu. Alikuwa amemkodolea macho mjukuu wake muda wote, na mjukuu hakuwa amepumua hata pumzi moja ya neno.

"Amesema..." Sunniva alianza. Akamwona yule mzee ameshika mikono miwili pamoja, vidole vimechomwachomwa na sindano. Akamwona Nils, ambaye hakuwahi kumwona, katikati ya mbuzi. "Amesema abaki, Mama."

"Lete hapa."

Bibi Gunhild alikwenda kwenye simu kama mtu anayekwenda kumtoa nguruwe bustanini. Alikipokonya kisikilizio, akaielekea ile pembe. "Daktari! Ni Gunhild Haugland. Mtoto yuko hapa mbele yangu. Kafumba mdomo tangu uanze. Wewe unazungumza na nani?"

Sunniva alisogeza kichwa akaweka sikio nyuma ya kisikilizio, upande wa pili wa mkono wa mama mkwe. Alisikia daktari akisema, mbali, mbali, "Basi huyu... ni nani?... kuna mtu kwenye waya?"

Hakuna aliyejibu. Wangejibuje? Anayejibu amesikiliza. Hata kukirudisha kisikilizio hawakuweza, maana ndoano ingelia tik, na tik hiyo ingemtaja mwenyewe. Bonde zima lilisimama limeganda, kila mtu jikoni kwake, kwenye adabu zake, wakizidi kuinywa ile sauti.

"Kama hakuna mtu," ilisema sauti ya daktari, sasa kama inzi ndani ya chupa, "na mtoto hasemi... basi mimi siwezi... Jumamosi aende tu..."

"Ni mimi!" ikalia sauti nyembamba. Ilikuwa inatetemeka, na haikuwa inabana pua vizuri tena. "Daktari, usimpeleke! Ni mimi Lisbet!"

"Mwongo, ni mimi!"

"Sisi! Sisi ndiye Lisbet!"

"Huu... haa... daktari, naapa mbele ya Mungu, mimi Ernst Ploog ndiye Lisbet!"

Na wengine ambao Sunniva hakujua hata kama wana simu, wakulima wa mbele kule karibu na mto, sauti za kiume na za kike, wakaingia mmoja mmoja: mimi, ni mimi, mimi hapa. Bibi Gunhild alikuwa ameshikilia kisikilizio mbali na sikio, na sasa wote jikoni walisikia. Hata Halvor aliingiza mguu wa pili ndani. Yule mzee alikuwa amefungua mdomo, na hasira yake yote ilikuwa imepotea mahali fulani. Alionekana kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba ya mtu mmoja, wakatoka mia.

"Watu wote hawa," alisema polepole. "Wanamtakia nini mtoto wetu?"

"Wanaota, Mama," alisema Sunniva. Hakuweza kusema zaidi.

Ndipo waliposikia kigoda kikikwaruza sakafu.

Lisbet alikuwa ameshuka, anakisogeza. Alikisogeza hadi kikagonga ukuta, chini kabisa ya simu, akapanda tena. Uso wake ulikuwa mwekundu. Alikuwa na uso wa mtu aliyeingia kanisani akakuta jirani amevaa gauni lake. Alfajiri zote zile alikuwa amesimama hapa akiwasikiliza wote, pumzi zao, ndege wao, ng'ombe wao, wala hakuwahi kumchukulia mtu kitu. Alinyoosha mkono kwa bibi yake. Bibi Gunhild, ambaye hakuwahi kumpa mtu kitu bila kuuliza, alimpa kisikilizio.

Huko kwenye waya walikuwa bado wanaligombania jina lake. Mtoto alivuta pumzi ndefu, mabega yakapanda hadi masikioni. Akaisogelea ile pembe hadi midomo ikaigusa.

"Lisbet ni mimi."